Tupeane uzoefu: waandishi wazee waliotunza habari za miji yetu

Ndugu zangu, salaam. Naomba tupeane uzoefu juu ya waandishi wa habari wa miji midogo, wale waliokaa mahali pamoja karibu umri wao wote, wakaandika habari za vikao vya halmashauri, bei ya korosho, mafuriko na misiba, hata ikafika siku wakawa wao ndio wanaofuatwa na kila anayetaka kujua jambo la zamani. Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tumetoka katika miji hiyo, na baadhi ya wazee hao wanamalizia uzee wao majumbani mwetu.

Nianze na wangu. Marehemu mjomba aliandikia magazeti kutoka Bagamoyo tangu ujana wake mpaka tulipomleta Magomeni kwa matibabu. Hakuwa na mshahara. Alilipwa kwa habari iliyochapishwa tu, na karatasi zake zilifika Dar es Salaam ndani ya bahasha aliyomkabidhi kondakta wa basi. Kilichonifanya nimheshimu kupita kiasi ni madaftari yake. Maelezo ya kila mzee aliyemhoji aliyawekea jina la msemaji, umri wa kukadiria, kijiji, na pembeni neno moja: "kaona" au "kasikia". Nilipomuuliza sababu ya kujisumbua hivyo, alinieleza kwamba Bagamoyo haikosi wasimulizi wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wala wa Wajerumani walioufanya mji ule makao yao makuu kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, lakini wengi wa waliomsimulia walizaliwa baada ya mambo hayo, na msomaji anayo haki ya kujua kama anapewa ushahidi au masimulizi yaliyokwisha kupita vinywa vitatu. Wazee wawili walipotofautiana juu ya mwaka ambao msikiti fulani ulikarabatiwa, aliandika miaka yote miwili, akaacha nafasi tupu chini yake, na nafasi hiyo ilikaa wazi mpaka alipopata karatasi ya michango ya ukarabati ule. Kwa maoni yangu, uvumilivu wa namna hiyo ndio unaomtofautisha mwanahistoria na msimulizi wa barazani, hata kama hakusoma chuo chochote.

Karibuni na ninyi.

Kutoka Kigamboni

Shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka ya 1940 alikuwa akipeleka habari za mji wetu kwa gazeti la Mambo Leo, ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa ikilitoa kila mwezi tangu mwaka 1923. Vijana wa leo huenda hawafahamu jinsi gazeti lile lilivyopendwa, kwa barua za wasomaji na mashairi, ya Shaaban Robert yakiwamo. Hata hivyo lilikuwa gazeti la serikali, na baba alijua vizuri mambo gani hayatachapishwa. Malalamiko ya watu juu ya kodi na kazi za kulazimishwa aliyaandika katika daftari lake la nyumbani, na daftari hilo leo lina thamani kubwa kwangu kuliko vipande vya gazeti alivyovikata. Alilisoma pia Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah hapa Dar es Salaam mwaka 1937, na alikuwa akisema kuwa huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza Mwafrika akiandika bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo ninawasihi wenye karatasi za wazee wao: msitazame yaliyochapishwa peke yake.

Kutoka Ilala

Jirani yangu, mwandishi mstaafu, anaikumbuka mitaa ya Kariakoo na Mnazi Mmoja kwa majina yake yote ya nyakati mbalimbali. Ukimtajia Kichwele, anakupeleka Mtaa wa Uhuru. Ukimtajia New Street, anakuonyesha Lumumba, ilipokuwa ofisi ya TANU. Ukisoma habari ya hospitali ya Princess Margaret, anakuambia kuwa hiyo ndiyo Muhimbili. Ujuzi huu si wa kujifurahisha. Familia yetu ilipokuwa ikitafuta asili ya kiwanja cha bibi, karatasi zetu zilitaja mtaa ambao hakuna aliyeutambua, na yeye alituongoza mpaka kona yenyewe, akatufungulia gazeti la zamani lililotaja nyumba ile kwa jina la mtaa la wakati huo.

Kutoka Temeke

Mimi ni mtangazaji, na nitasema juu ya utunzaji, kwa kuwa nimeona makaratasi mengi ya wazee yakiharibika. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa nyuzi za mti zenye asidi, ndiyo maana hugeuka manjano na kukatika hata isipoguswa, na joto la Dar es Salaam pamoja na unyevu wa bahari huongeza kasi hiyo. Msibandike vipande kwa gundi ya utepe. Viwekeni bapa ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa ajili ya mchwa, na mpige picha kila ukurasa, mkiandika jina la gazeti na tarehe, maana kipande kisicho na tarehe huwa karibu hakina msaada kwa mtafiti. Na kama mzee wenu aliacha sauti katika kaseti, hizo ndizo za kuwahi zaidi.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Aliyeniuliza faraghani madaftari ya mjomba yako wapi: yapo kwangu, na familia imekubali tuyapige picha kwanza, kisha tuzungumze na Nyaraka za Taifa pale Upanga na kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili tujue ni nani atakayeyapokea na kwa masharti gani. Ningependa sasa kusikia kutoka kwa wenye wazee walioliandikia Ngurumo, lililoanza mwaka 1959 na kusimama katika miaka ya 1970, hasa wale wa Lindi, Kilwa na Tabora, kwa kuwa mjomba aliwataja wenzake wa huko bila kuandika majina yao kamili.