Uvungu wa ngazi za ndani: meza ya kusomea, kabati la droo au rafu za wazi?

Mleta mada (Isanga, Mbeya)
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kiwanja chetu kipo kwenye mteremko, hivyo sebule ilijengwa chini, vyumba vya kulala vikawa juu, na katikati zikawekwa ngazi tisa za zege. Chini yake umebaki uvungu wa pembetatu wenye urefu wa mita mbili na robo, kina cha mita moja, na kimo cha sentimita 130 upande ulio juu zaidi, ambao kwa sasa ni makazi ya ndoo, ungo na viatu visivyo na wenyewe. Nafikiria kuweka meza ya watoto kusomea, kabati la droo, au rafu za wazi. Ukuta wa nyuma umeegemea udongo wa mteremko. Naomba ulinganisho.

Seremala wa Mafinga
Meza ningeiondoa mapema. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75, na kichwa cha mtu mzima aliyeketi hufika karibu sentimita 130 kutoka sakafuni, kwa hiyo ataketi akigusa zege na akiinuka ghafla atajigonga. Mtoto wa darasa la pili atatosha, ila naye habaki darasa la pili.

Droo zinapendeza machoni, lakini kina cha mita moja ndicho kikwazo: reli zinazopatikana kwa urahisi madukani ni za sentimita 45 au 50, na nusu ya uvungu itabaki nyuma bila kazi. Mimi ningetengeneza makasha marefu yenye magurudumu, yanayovutwa nje yote kabisa, kila moja likiwa na kimo chake kufuata mteremko wa ngazi. Mbao za paini za huku Mufindi zinatosha, mradi ziwe zimekauka, kwa sababu mbao iliyopasuliwa juzi itapinda ikiwa tayari imekwisha kupigwa misumari.

Mama wa Gangilonga, Iringa
Fundi amesema vyema kuhusu makasha, ila ukuta ule ameupita haraka. Ukuta unaoegemea udongo huvuta unyevu miezi yote ya mvua, na kabati lililofungwa mbele yake hufuga ukungu hata kama limepakwa vanishi ya bei kubwa. Kabla ya kununua chochote, dada, chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kisha kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka kwenye udongo. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani unaogeuka maji kwa baridi, jambo la kawaida hapa kwetu Juni na Julai. Hali ya kwanza inadai mfereji wa kuondoa maji nje, nyuma ya ukuta. Ya pili inadai hewa tu. Kwa hofu hiyo mimi nachagua rafu za wazi, vumbi nitalifuta.

Mkazi wa Uyole
Mnasahau stoo. Uvungu wenye giza na ubaridi unafaa viazi mviringo kuliko jikoni, kwa kuwa mwanga huvifanya kuwa vya kijani. Sharti pawe pakavu.

Mleta mada
Nashukuru. Nailoni imetoa matone upande wa ukutani, yaliyo mengi yakiwa chini karibu na sakafu. Kwa hiyo nje tutachimba mfereji kwanza, na meza nimeiacha. Naelekea kwenye makasha ya magurudumu, huku upande mfupi ukibaki wazi kwa viatu. Je, MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, itafaa kwa kuwa ni laini na hupokea rangi vizuri?

Seremala wa Mafinga
Hapana, si mahali hapo. MDF ikinywa maji huvimba kingo na hairudi hata ikikauka. Tumia paini, uache nafasi ya sentimita tano kati ya kasha na ukuta, na ndani, juu ya sakafu ya kila kasha, upigilie vipande vya mbao vya kuinulia mzigo ili hewa ipite. Kwa viazi, toboa matundu mbele na nyuma, kisha usipake vanishi ndani.

Mama wa Gangilonga, Iringa
Na magurudumu yawe ya mpira, dada, la sivyo vigae vya sebuleni vitachorwa mistari kabla ya Krismasi.