Maji ya kisima yamekosa presha, bomba linakohoa. Nifunge pampu ya hp ngapi?

Kijana wa Goba: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Goba, Dar. Kisima ni cha mita 70, pampu ya kuzamisha inapandisha maji kwenye simtanki la lita 3,000 juu ya mnara wa mita 6, kisha yanashuka yenyewe ndani. Wiki ya tatu sasa presha hakuna. Bafuni yanatoka kama mkojo wa mbuzi, hita inagoma kuwaka, na ikifika saa kumi jioni bomba linakohoa, linatema hewa, linanyamaza. Wife anaoga kwa kopo na hasemi na mtu. Fundi anashauri pampu ya kusukuma chini ya tanki. Ninunue ya hp ngapi?

Chachandu: Ngoja waje wataalamu. Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

Mama Machame: Maji yamegombanisha watu tangu zamani. Kwetu maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yalikuwa kwa zamu. Usiku mmoja ya babu yakakatika ghafla, akapandisha na kurunzi mpaka juu, akakuta gogo la mgomba limelazwa katikati ya mfereji na jirani amelikalia, anavuta kiko. Hawakusalimiana tena mpaka jirani alipokufa. Babu akaenda kubeba jeneza, tena mbele.

Fundi Koki: Usinunue kitu. Mnara wa mita 6 unakupa kama baa 0.6, na ndiyo presha uliyokuwa nayo siku zote. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Pima maji yanayoingia tankini, kisha pima bafuni. Yakiingia machache, shuku nonritani (vali inayozuia maji kurudi kisimani), bomba la kisimani kutoboka, umeme mdogo, au kisima chenyewe kimeshuka. Yakiingia mengi na bafuni hayafiki, kuna uchafu au kuna mtu anayachukua njiani. Bomba likitema hewa ujue tanki limekauka, na hiyo pampu yako italikausha mapema zaidi. Nani mwingine anatumia hayo maji?

Kijana wa Goba: Ni sisi tu wa nyumbani, mkuu. Watu wanne.

Fundi Koki: Watu wanne hawamalizi lita 3,000 kabla ya saa kumi. Nauliza tena, nani?

Kijana wa Goba: Kuna kijisehemu cha kuoshea magari hapo mbele. Kidogo tu, nyingi ni bodaboda.

Fundi Koki: Bomba lake inchi ngapi?

Kijana wa Goba: Moja. La ndani robo tatu. Lakini sidhani kama ndiyo shida. Halafu fundi nimeshampa advansi laki na nusu.

Mtumishi: Unauza maji uliyopewa bure na Mungu, halafu unashangaa yakikauka? Tubu.

Kipanga: Jamani, hii ni chai. Mwezi wa tatu mleta mada alifungua uzi anatafuta chumba Sinza kisichozidi elfu 80. Leo ana kisima, mnara na biashara ya kuosha magari?

Chachandu: Tena ya tangawizi. Viongozi, fungeni uzi.

Kijana wa Goba: Wapi nimesema kisima ni changu? Nyumba ni ya baba mkwe, tulihamia kodi ilipoisha. Sehemu ya magari ni ya shemeji. Ndiyo maana nataka pampu, sitaki maneno.

Chachandu: Kumbe upo ukweni! Basi presha iliyoshuka si ya maji.

Mama Machame: Shemeji usimguse. Pitia kwa mama mkwe, umkute anachambua mboga.

Fundi Koki: Kesho alfajiri funga koki ya hilo bomba la inchi moja, upime.

Kijana wa Goba: Nimepima. Ikifungwa, ndoo bafuni inajaa kwa sekunde 70. Wakiosha magari, dakika nne na zaidi. Mnarani asubuhi ndoo ni dakika moja, ila saa saba pampu inatema hewa.

Fundi Koki: Basi kisima kinachoka, mnakivuta kuliko kinavyojaa. Weka kifaa cha kuzima pampu maji yakiisha, la sivyo itaungua. Shemeji awe na tanki lake chini, lijazwe usiku kisima kikishapumzika.

Kijana wa Goba: Nimekuelewa mkuu, ubarikiwe. Shemeji nilimfuata, ila alikuwa na wateja. Fundi anakuja Jumamosi na pampu ya nusu hp. Hiyo si haiwezi kukausha sana?