Tozo ya maegesho katikati ya mji: bure, saa ya kwanza bure, au kulipia kwa saa?

Mleta mada
Wakuu habari zenu. Manispaa wanataka kuweka tozo ya paking mitaa yote ya katikati na sisi wenye maduka tumegawanyika. Wapo wanaotaka ibaki bure, wapo wa saa ya kwanza bure halafu ulipie, na wapo wanaosema lipia toka mwanzo ila hela ibaki mtaani. Mimi nauza nguo, hofu yangu mteja akiambiwa kulipia anageuza gari anaenda maduka makubwa ya nje ya mji, kule kupaki ni bure. Mnaonaje?

Msusi
Bure. Mteja wangu anakaa masaa matatu mpaka manne. Nilipokuwa mtaa wenye paking ya kulipia, mteja wangu mmoja alinyanyuka kichwa kimesukwa nusu akatoka mbio na taulo mabegani kuangalia kama gari limefungwa mnyororo, na kweli lilikuwa limefungwa. Hajarudi tena mpaka leo na iliniuma sana.

Fundi viatu
Pole dada, hiyo inauma. Ila bure ndiyo inayotumaliza. Nafungua saa mbili asubuhi nafasi zote zimejaa na wala si wateja, ni magari ya watu wa maofisini na, tuseme ukweli jamani, ya kwetu wenyewe wenye maduka. Siku moja nilikaa na daftari, nafasi sita mbele ya kibanda changu, toka saa mbili mpaka saa kumi zilitumiwa na magari manane tu. Kila gari lingekaa saa moja yangepita 48!!

Mzee wa ramani
Fundi umegusa penyewe. Mita ya paking ya kwanza kabisa, yaani mashine ya kulipia pembeni ya barabara, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, senti 5 kwa saa, na chanzo ni hicho hicho, wafanyakazi wa mjini walikuwa wanapaki asubuhi mpaka jioni wateja wanakosa pa kusimama, biashara zikawa zinalalamika. Profesa Donald Shoup wa California aliyetumia miaka mingi kwenye jambo hili alikuwa anasema bei nzuri ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa, yaani zijae kama asilimia 85 hivi. Zikibaki tupu nyingi bei imezidi, ishushwe.

Na hela iende wapi ndo swali kubwa zaidi. Old Pasadena, kulekule California, wenye maduka walikataa mita mpaka walipoahidiwa mapato yatabaki mtaani kwao. Zikawekwa 1993, hela ikatengeneza njia za miguu, ikapanda miti, ikaweka taa, watu wakaanza kuja kutembea.

Mleta mada
Na saa ya kwanza bure je? Mimi ndo naiona ya katikati.

Fundi viatu
Kwenye uwanja wenye geti na tiketi inafanya kazi vizuri maana muda wa kuingia umeandikwa. Barabarani ni shida, mtu anasogeza gari nafasi moja mbele anaanza kuhesabu upya.

Mama wa vitenge
Mbona wote mnaongelea magari tu? Wangu wengi wanakuja kwa miguu na daladala. Bristol kule Uingereza wenye maduka walikisia asilimia 41 ya wateja wao wanakuja na gari, walipoulizwa wateja wenyewe ikawa 22. Tuwaulize wa kwetu kwanza. Na nafasi za kushushia mzigo na za walemavu zitengwe kabla ya kugombania hizo nyingine.

Msusi
Sawa nimewasikia. Mimi nitakubali kulipia ikiwa mteja anaongeza muda kwa simu akiwa amekaa kwenye kiti, na uwepo uwanja wa kukaa muda mrefu kwa bei ya chini hata kama ni mbali kidogo. Mnyororo hapana kabisa, akizidisha muda apewe faini aondoke na gari lake. Na hilo la hela kubaki mtaani liandikwe kwenye sheria ndogo, kuambiwa kwa mdomo mkutanini sikubali.

Mleta mada
Gari langu mwenyewe linakaa mbele ya duka kutwa nzima, kesho nalihamishia nyuma. Fundi naomba unipigie picha ukurasa wa hilo daftari niende nao kwenye kikao.

Fundi viatu
Nakutumia jioni. Ila hesabuni na nyie mitaa yenu, siku ya kazi na Jumamosi, daftari moja halitoshi.