Mbwa wangu ananenepa ilhali kila saa anaonekana mwenye njaa: nimlisheje, na tabia zake nizieleweje?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Nina mbwa jike wa miaka minne, chotara wa kimo cha wastani, ambaye alifungwa kizazi mwaka jana. Tangu wakati huo uzito wake umepanda kutoka kilo 20 hadi kilo 24, na daktari wa mifugo aliyempima alinishauri nimrudishe kwenye kilo 20, ingawa hatukupata nafasi ya kuzungumza kwa kina namna ya kufanya hivyo. Ninampa chakula kikavu cha punje, bakuli likiwa limejaa asubuhi na jioni, na mara nyingine humwongezea makombo ya mezani.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba kila tunapokaa kula huja akaketi miguuni petu na kututazama kwa macho ambayo siwezi kuyastahimili, hata kama amemaliza bakuli lake robo saa tu iliyopita. Hula kwa pupa kiasi kwamba sidhani kama anatafuna. Mara kwa mara hula nyasi, na wiki iliyopita alitapika baada ya kuzila. Akipewa kipande kikubwa cha kitu, hukibeba na kwenda kukifukia. Na juzi, mwanangu alipopita karibu na bakuli lake, alinguruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimkemea, naye akalaza masikio na kukwepa macho yangu kana kwamba amelitambua kosa lake. Naomba mnisaidie: je, ninamnyima au ninamzidishia? Na tabia hizi zinatokana na chakula, au mimi ndiye nisiyemwelewa?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, nianze na hayo macho, kwa sababu ndiyo yanayokupotosha. Mbwa anayekutazama ukiwa mezani hakuelezi hali ya tumbo lake. Anakueleza kwamba kukutazama kumewahi kumpatia kitu. Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa ishara tu iliyozoeleka kutangulia chakula. Kwa mbwa wako, sauti ya viti na sahani ndiyo ishara hiyo. Zaidi ya hayo, mbwa aliyefungwa kizazi huhitaji nishati pungufu kuliko awali huku hamu yake ya kula ikiongezeka, kwa hiyo bakuli lilelile lililomtosha mwaka juzi leo linamzidi, na yeye mwenyewe hawezi kukuambia hivyo.

Kipimo unachopaswa kukiamini kimo mikononi mwako. Pitisha vidole ubavuni mwake bila kukandamiza: mbwa mwenye mwili mzuri, mbavu zake zinahisika kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ukilazimika kuzitafuta kama unavyotafuta vifundo kwenye upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu, uone kama kiuno kimeingia ndani nyuma ya mbavu, kisha kutoka ubavuni, uone kama tumbo limepanda kuelekea miguu ya nyuma. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno), na kwa mbwa walio wengi alama 4 au 5 ndiyo inayotakiwa.

Kuhusu kiasi, ipo hesabu inayoweza kufanywa kwa kikokotoo cha kawaida. Chukua uzito unaoulenga, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu, utafute kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha kipeuo cha pili cha jibu la pili, halafu uzidishe kwa 70. Kwa kilo 20 unapata 8,000, halafu 89.4, halafu 9.46, na mwisho takriban kilokalori 660 kwa siku. Hiyo ndiyo nishati ya mwili uliopumzika, na mara nyingi ndipo mpango wa kupunguza uzito unapoanzia. Akishafika kilo 20, mbwa mzima aliyefungwa kizazi hupewa takriban mara 1.6 ya hapo, yaani karibu 1,060, kisha unarekebisha kadiri mizani na mbavu zinavyokuonyesha.

Vitafunio na makombo yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Watu wengi hulisikia hili na kulipuuza, kwa hiyo nitoe mfano: kipande cha jibini cha gramu 30 kina takriban kilokalori 120. Kwako wewe ni kionjo; kwake yeye, katika kipindi hiki, ni karibu moja ya tano ya chakula cha siku nzima.

Wala usihisi kwamba unamfanyia ukatili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa wawiliwawili tangu wakiwa wadogo, na mmoja katika kila jozi akawa anapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yake yote. Nusu ya wale waliopunguziwa waliishi miaka 13 au zaidi, ilhali kwa wenzao mpaka huo ulikuwa miaka 11.2, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Mimi hukumbuka takwimu hizo kila ninapolainishwa moyo na macho ya wangu.

Jibu la pili

Ninaunga mkono yaliyosemwa, ila nataka kukaa kidogo kwenye suala la chakula cha nyumbani, kwa sababu nililikosea vibaya na mbwa ndiye aliyelipia. Nilikuwa na kijibwa kimoja cha miezi mitatu ambacho nilikilea kwa nyama tupu na wali, nikiamini kwamba ninampa kilicho bora kuliko chochote kilichomo kwenye mfuko. Alipofikisha miezi mitano alianza kuchechemea, na picha ya eksirei ilionyesha mifupa iliyokonda. Nyama ina fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo sana, na mwili unapoikosa kalsiamu chakulani huichota mifupani ili damu isipungukiwe. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo, na katika nyama isiyo na mfupa uwiano huo umegeuka juu chini kabisa. Alipona baada ya kubadilishiwa chakula, lakini mguu mmoja ulibaki na kasoro.

Kwa hiyo, anayetaka kumpikia mbwa kila siku afanye hivyo kwa mapishi yaliyopangwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama, akipima kila kitu pamoja na nyongeza za madini na vitamini. Chakula cha mfuko kilichoandikwa kwamba ni kamili kwa umri wa mbwa wako kina viini vyote hivyo tayari. Wali wenyewe hauna dhambi: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la kimeng'enya cha kumeng'enya wanga kuliko mbwa-mwitu, maana yake ni kwamba kuishi na binadamu kuliwazoesha chakula chetu. Tatizo ni pale wali na nyama vinapofanywa kuwa mlo mzima.

Umetaja makombo ya mezani, na hapo nina wasiwasi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi kwa vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi uliopikwa navyo umo katika hatari hiyohiyo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo sumu inavyozidi. Linalosahaulika zaidi ni zailitoli, sukari mbadala inayotiwa katika ubani wa kutafuna na baadhi ya siagi za karanga: kwa mbwa humwaga insulini kwa ghafla, na sukari ya damu inaweza kushuka ndani ya nusu saa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vigingi vyenye ncha. Akila chochote kati ya hivi, mpigie daktari mara moja badala ya kungoja dalili.

Jibu la tatu

Wenzangu wamejibu kuhusu bakuli. Mimi niseme kuhusu mbwa mwenyewe. Katika yote uliyoyaeleza, la kushughulikiwa leo ni kunguruma.

Ndugu yangu, kunguruma ni onyo, na onyo ni jambo jema. Mbwa wako alisema, kwa lugha pekee aliyo nayo, kwamba ukaribu wa mtoto ulimtia hofu ya kupoteza chakula. Ukimwadhibu kwa kulisema hilo, hofu inabaki na onyo linaondoka, na siku nyingine atang'ata bila kutoa sauti. Mlishe mahali ambapo hapiti mtu, mtoto asimsogelee anapokula, na wewe mwenyewe uwe unapita kwa mbali na kumtupia kitu kizuri kuliko kilichomo bakulini, ukisogea kidogo kidogo kwa siku nyingi, hadi mtu anayekaribia awe ni habari njema kwake. Zoezi hili ni la mtu mzima peke yake. Na kwa kuwa tabia imejitokeza ghafla, daktari amchunguze meno na kinywa, kwa maana maumivu humfanya mbwa mpole kuwa mkali.

Kuhusu yale masikio yaliyolala, mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao wamekula kipande walichokatazwa, wakati mwingine kweli na wakati mwingine si kweli. Sura tunayoiita ya hatia ilijitokeza zaidi mbwa alipokemewa, awe amekosa au hakukosa. Alichokuonyesha wako, basi, ni kwamba alikuogopa. Hakuwa anakiri kosa. Mbwa anayejilamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo bila usingizi au anayegeuza uso hutuomba tupunguze kishindo.

Nyasi zisikusumbue sana. Mbwa wengi wenye afya huzila, wachache tu huonekana wagonjwa kabla ya kuzila, na wengi wao hawatapiki baadaye. Hakikisha tu kwamba hazijapuliziwa dawa, na kwamba mbwa amepewa dawa ya minyoo kwa wakati. Kufukia chakula nako ni akiba ya kurithi: wahenga wake hawakujua mlo ujao utapatikana lini. Kwa mbwa wa nyumbani mara nyingi inamaanisha kwamba amepewa zaidi ya anachoweza kumaliza, na hapo tabia inakujibu swali lako la kwanza.

Nyongeza moja: mpe muda wa kunusa mnapotembea. Wengi humvuta mbwa kamba akisimama kwenye kila kichaka, ilhali pua hiyo ina mamia ya mamilioni ya seli za harufu pale ambapo sisi tuna mamilioni machache tu. Mbwa aliyenusa vya kutosha hurudi nyumbani ametulia, na mbwa aliyetulia huomba chakula kidogo kuliko aliyechoshwa na upweke.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote. Nimepima bakuli langu kwa mizani ya jikoni, nami nimeshtuka: lina gramu 160, yaani 320 kwa siku, na mfuko umeandikwa kilokalori 370 kwa kila gramu 100. Hiyo ni karibu 1,180 kabla ya makombo! Makombo nimeyasitisha leo. Je, nishushe chakula mara moja hadi 660? Na nifanyeje kuhusu pupa?

Jibu la kwanza

Umefanya vyema kupima. Ukitenga kilokalori 60 za vitafunio, zinabaki 600, ambazo ni kama gramu 160 za punje hizo kwa siku, yaani nusu ya unachompa. Tatizo ni kwamba ukikata chakula cha kawaida kwa nusu, umekata pia protini, vitamini na madini kwa nusu. Ndiyo maana kipo chakula maalumu cha kupunguza uzito, ambacho kina nishati ndogo huku viini vingine vikiwa vimeongezwa, na kwa upungufu mkubwa kama wa mbwa wako ningemwomba daktari akuchagulie hicho. Kibadilishe kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani kila siku, tumbo lisije likavurugika.

Mpime kila baada ya wiki mbili. Kupungua kwa asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito kwa wiki kunatosha, kwa hiyo kilo hizo nne zitachukua miezi mitatu hadi minne. Vitafunio vyake viwe vipande vya karoti au maharagwe machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi.

Kuhusu pupa, acha bakuli kabisa kwa baadhi ya milo. Tawanya punje kwenye nyasi safi azitafute kwa pua, au tumia bakuli lenye vikwazo ndani; mlo wa dakika moja utakuwa wa dakika kumi na tano. Endelea kuugawa mara mbili kwa siku, kwani mlo mmoja mkubwa unaomezwa kwa haraka ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Ukimwona tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje kupambazuke.

Mezani, kubalianeni nyumba nzima, mtoto akiwemo. Siku za mwanzo ataomba kwa nguvu zaidi kuliko zamani, na hapo ndipo wengi hushindwa: wakimpa siku ya nne, wamemfundisha kwamba siku nne ndicho kipimo cha subira. Mpe punje zake kadhaa kwenye mkeka wake, mbali na meza, kabla hamjakaa.