Mwaka umeanza, nina miradi minne mezani. Nianze na upi?

KalamuYaUmoja: Wadau, heri ya mwaka. Mimi hujichapishia vitabu, naishi Umoja, Nairobi, na huu ni mwaka wa tatu sina mshahara. Nina riwaya iliyobaki kidogo, diwani ya mashairi, hadithi ya watoto kuhusu wale korongo wa kwenye migunga karibu na uwanja wa Nyayo, na jamaa mmoja anataka nimtafsirie mwongozo wa kufuga kuku. Kila asubuhi nafungua laptopu, naonja hiki, naonja kile, saa sita inafika sina hata ukurasa. Usiku silali. Mngekuwa mimi mngeanza na upi? Moyo wangu uko kwa korongo.

NjaanuariTena: Kuku. Landilodi hapokei tenzi.

MzeeWaRiverRoad: Kijana, mimi nimezeekea kwenye mashine za kuchapa. Kwanza hesabu kurasa. Karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo ukiniletea 163 tunaenda hadi 176 na hizo tupu unazilipia. Pili, usidanganywe na bei ya nakala moja kushuka ukichapa nyingi. Mteja wangu alichapa 1,000, akazipanga chini ya kitanda, mvua ya Aprili ikaingia ndani. Mpaka leo mkewe hanisalimii, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mvua.

MwalimuMstaafu: Kitabu cha watoto si mchezo. Vitabu ambavyo serikali hununulia shule ni vile vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala. Chako kitamngoja mzazi, na mzazi wa Januari anawaza karo na sare. Vijana wa siku hizi hamna subira. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, umechukua kule Maktaba ya Taifa?

KalamuYaUmoja: Ninayo, Mwalimu. Ya riwaya.

BintiKayole: Ngoja kidogo. Riwaya imebaki kidogo, namba inayo, na bado moyo uko kwa korongo? Hiyo riwaya ina nini?

KalamuYaUmoja: Haina kitu, dadangu. Nimeichoka tu.

BintiKayole: Nani ameilipia?

NjaanuariTena: Kimya. Ameenda kununua tokeni.

KalamuYaUmoja: Sawa. Novemba niliweka bango WhatsApp: lipia mapema 700 badala ya 1,000, kitabu mkononi kabla ya Krismasi. Watu 86 wakatuma M-Pesa. Jumla 60,200. 35,000 nikampa mchoraji wa korongo kwa sababu alikuwa na nafasi wiki hiyo tu, 18,000 nikalipa nyumba. Lakini msinihukumu kabla hamjanielewa. Korongo wakitoka kwanza, mauzo yao yatachapa riwaya. Huo ni mpango, si wizi.

NjaanuariTena: Nilijua korongo wa Nyayo hula chochote, sikujua wanapokea M-Pesa.

MamaWawili: Mimi niliwahi kushika pesa ya chama nikasema nitazungusha kidogo kwa biashara ya mitumba. Soko la Gikomba likaungua na bunda langu likiwa ndani. Nililipa miezi kumi na minne nikiuza chapati, na siku ya mikutano nilikaa karibu na mlango. Mdogo wangu, pesa ya watu haizoei mfuko wako.

HesabuHailali: Mnalia bure. 86 mara 700 ni 60,200 kamili. Kati ya watu 86 hakuna hata mmoja aliyemnunulia rafiki? Hakuna aliyetuma 500 akasema atamalizia? Na mchoraji anayepatikana wiki moja tu ni mchoraji wa hadithi. Huyu anaandika riwaya, na sura ya kwanza ni huu uzi wetu.

NjaanuariTena: Basi na mimi nilipwe, mistari mizuri yote ni yangu.

MwalimuMstaafu: Nilishangaa alama zake za uakifishaji. Mtu mwenye dhiki haweki koloni.

KalamuYaUmoja: Nakala ni 86, watu ni 84. Wawili walichukua mbili mbili. Wa kutuma 500 alikuwepo, nikamrudishia. Mwalimu, koloni ni kazi yangu.

HesabuHailali: Hadithi inayorekebishwa ikiulizwa ni hadithi.

BintiKayole: Au ni mtu mwenye aibu. Mimi namwamini, kwa sababu mwongo angejitungia sababu nzuri kuliko hiyo. Kalamu, 7,200 zilizobaki ziko?

KalamuYaUmoja: Ziko. Nilifikiria nilipie tangazo la korongo.

BintiKayole: Usiziguse!

BuruburuAnaandika: Mbona usiweke riwaya Amazon upate dola? Ukiuza nakala ya kidijitali kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata 70% ya bei. Ila Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule unakatwa 30%. Nilipoona malipo yangu ya kwanza nilidhani ni ada ya kutoa pesa.

BintiKayole: Hao 84 hawajauliza habari za dola. Waandikie leo. Anayetaka pesa yake mpe zamu, anayekubali kungoja mtumie sura zilizo tayari.

KalamuYaUmoja: Nimeandika hii, niangalieni: “Mpendwa msomaji, kutokana na changamoto zisizoepukika, kitabu kitachelewa na kitatoka hivi karibuni.”

BintiKayole: Futa changamoto. Andika pesa nilizitumia.

MwalimuMstaafu: Zisizoepukika pia ifutwe. Ziliepukika.

MzeeWaRiverRoad: Weka mwezi. Hiyo “hivi karibuni” mimi naidai hela tangu zamani.

KalamuYaUmoja: Machi?

HesabuHailali: Imebaki kidogo ni sura ngapi?

KalamuYaUmoja: Niko ya tisa. Ni ishirini.

MzeeWaRiverRoad: Andika Agosti.

NjaanuariTena: Na kuku?

KalamuYaUmoja: Huyo alishatuma nusu.

BintiKayole: Lini?

KalamuYaUmoja: Oktoba.