Tupeane uzoefu: dawa za mgonjwa zilizobaki mlizipeleka wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mzee wetu alifariki mwezi wa tatu, figo. Juzi nasafisha friji, pale mlangoni pembeni ya mayai nakuta sindano nne za kuongeza damu, hata plastiki haijaguswa. Hizo tulikuwa tunazichangia ukoo mzima, kuna wiki tuliuza mbuzi. Nikazitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikadandia daladala hadi kule alikokuwa anasafishwa damu. Sista akanisikiliza, akanipa pole, akasema, "Kaka, siwezi kupokea." Nje kwenye benchi kuna mama ameshika karatasi ya dawa ileile, anapigia shemeji zake simu mmoja mmoja. Sikumpa. Nimerudi nazo. Nyie mlifanyaje?

*Mzee wa Dirishani*
Pole kwa msiba, mkuu. Mimi ni mfamasia, ndiye huwa nawakatalia watu, na naumia vilevile. Dawa ikishatoka dirishani hairudi kwenye rafu. Hata miongozo ya WHO ya misaada ya dawa, tangu ile ya 1996, inakataza kutoa dawa zilizokwisha kupewa wagonjwa zikarudishwa. Sijui ililala wapi, sijui umeme ulikatika mara ngapi. Hiyo yako inataka nyuzi 2 hadi 8. Halafu hiyo barafu ndiyo inanitisha: sindano ikiganda imekwisha, hata ukiitazama ni maji safi kabisa.

*Mama Wawili*
Mimi niligawa. Vidonge vya presha vya marehemu mama, boksi mbili, nikampa jirani naye mgonjwa wa presha. Kumbe yeye alikuwa anatumia miligramu 5, za mama ni 10. Kaanguka bafuni. Alipona, ila binti yake hanisalimii mpaka leo.

*Mbeba Maboksi*
Nipo Iowa, Marekani. Huku kuna mpango unaitwa SafeNetRx, upo tangu 2007. Unapeleka dawa ambazo pakiti haijafunguliwa na muda haujaisha, wafamasia wanakagua, wanapewa wasio na bima. Za mkwe wangu zilipita zile za kwenye karatasi tu. Za kopo lililofunguliwa, hapana.

*Kijana wa Tandika*
Tatizo linaanzia kwenye kuandikiwa. Mtu yuko hoi kitandani, anaandikiwa za miezi mitatu! Bibi yangu tulikuwa tunamnunulia za wiki mbili mbili, mwenye famasi ananuna lakini anakata. Alipoondoka vilibaki vidonge sita.

*Mleta mada*
Mzee wa Dirishani, ziligusana na barafu, tena muda mrefu, foleni ya Mbagala unaijua. Kwa hiyo yule mama ningemuua? Na sasa nikizirudisha famasi ya hospitali wakaziteketeze watapokea, au napo nitaambiwa pole?

*Mzee wa Dirishani*
Zipeleke, usizimwage chooni. Omba kuonana na mfamasia mwenyewe, usiziache kwa mtu wa dirishani.