Bibi anapoteza kumbukumbu, Mtwara au Lindi kuna sehemu wanatunza wazee wa namna hii?

BintiUwandani:
Habari za humu ndugu zangu, naombeni mawazo maana usingizi sipati. Bibi yangu mzaa mama yuko kijijini Newala, umri umeenda. Mwanzo alikuwa anasahau vitu vidogo tu, chumvi kaiweka wapi, tukasema uzee. Sa hizi ananiita mimi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na ikifika magharibi anabeba ndoo anataka kutoka eti anawahi maji bondeni, kama walivyokuwa wanashuka kuchota enzi zao, ukimzuia analia kabisa. Anaishi na mama mdogo ambaye ana mikorosho yake, msimu ukianza anatoka alfajiri anarudi jioni. Mimi niko Dar kikazi. Nasikia nchi za wenzetu kuna nyumba za wastaafu na ndani yake kuna upande wa waliopoteza kumbukumbu, walezi wanakesha nao. Kwetu kusini kuna kitu kama hicho hata kwa kulipia? Mjomba hataki kusikia neno makazi, anasema tunataka kumtupa mama yake, na mnajua kwetu mjomba akishasema ndo basi tena.

Mmwera_Nachingwea:
Pole sana dada. Makazi ya wazee ya serikali yapo nchini, mfano lile la Nunge kule Kigamboni, ila yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza wasio na mtu wa kuwatunza. Huendi na begi ukabisha hodi, unapitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anachunguza familia kwanza, na bibi mwenye watoto na wajukuu wazima atawarudishia nyinyi wenyewe. Lakini ofisini kwake nenda tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure, sasa kama bibi hana kitambulisho cha matibabu ya wazee anzia hapo, serikali ya kijiji wanamjua.

NesiWaKusini:
Samahani nitaandika refu maana hili naliona sana kazini na linaniuma. Kabla ya kutafuta nyumba mpelekeni bibi hospitali. Watu wengi wanasema tu "kazeeka" na mzee anakaa miaka bila kupimwa hata presha. Kusahau hadi mtu anapotea kwake sio uzee wa kawaida, ni ugonjwa, demensia, na aina zake ni nyingi, nyingine inatokana na viharusi vidogo vidogo vya presha ambayo haikutibiwa. Halafu kuna vitu vinafanana nayo na vinatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona hasa kwa mzee aliyefiwa. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache hapo msisubiri kabisa, inaweza kuwa malaria, UTI, sukari au kakaukiwa maji. Mcheki na macho na masikio, mtu asiyeona vizuri jioni lazima ahangaike.

Anzeni hospitali ya wilaya, wakiona inafaa watawapa rufaa Ligula, hospitali ya mkoa, au ile ya kanda pale Mtwara, na hospitali ya Ndanda nayo sio mbali na nyinyi. Demensia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya ila mgonjwa anaweza kusaidiwa akakaa vizuri. Na haiko Ulaya tu, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walipima wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2009 na 2010 wakakuta asilimia 6.4 wanayo, na baadae hukohuko wakajaribu kuwakusanya wazee kwa vikundi, nyimbo, mazungumzo, michezo ya kuchangamsha akili, na iliwasaidia. Tafadhali msimnunulie vidonge vya usingizi dukani, ataanguka avunjike nyonga.

MkaziMikindani:
Mimi namtunza baba, nakuelewa sana. Hiyo ya magharibi usibishane nae wala usimwambie bondeni hakuendwi tena, chukua ndoo nyingine mtembee nae mpaka kwenye mboga mmwagilie mrudi, moyo wake unatulia. Taa iwake mapema kabla giza halijaingia. Mlango usipige kufuli kwa nje ukaondoka, moto ukitokea je?

Na kitu ambacho watu hawakisemi: mzee anayezunguka usiku anaingia uani kwa watu wanaanza kusema ni mwanga, yaani mchawi. Hapo anaweza kuumizwa. Nilienda mwenyewe kwa balozi wa nyumba kumi, kwa imamu na kijiwe cha bodaboda nikaeleza kwamba ni ugonjwa, mkimuona mshikeni mkono mnipigie. Namba yangu nimeishona kwenye nguo zake. Mjomba nae mwambieni kama hataki makazi sawa, ila atoe hela ya mtu wa kushinda na mama yake. Kwetu kazi hii inaachiwa mwanamke mmoja bure mpaka anaugua yeye.

Mkulima_Tandahimba:
Naongezea hapo. Kwenye korosho tunakatwa kwa kilo kwa mambo mengi tu na tunakubali. Mkutano wa kijiji ukiridhia, kwa nini isiwe hata chumba karibu na zahanati wazee washinde pale msimu wote, uji, kivuli, walezi wawili wanaolipwa, jioni kila mtu anamchukua mzee wake? Hayo ndo makazi ambayo hata mjomba hawezi kuyapinga maana bibi analala kwake. Mimi nitalipeleka kwetu, nawe mwambie mama mdogo alifikishe kwenu.

BintiUwandani:
Asanteni jamani nimesoma yote. Nimempigia mjomba nikamsomea ya nesi neno kwa neno, kakubali kumpeleka mwenyewe hospitali wiki ijayo na nimeomba ruhusa kazini nishuke. Ya mlezi wa kulipwa kasema tuongee nikifika. Nesi, twende na nini?

NesiWaKusini:
Dawa zake zote anazotumia hata za miti shamba, ziwekeni kwenye mfuko mmoja. Na mama mdogo awepo, yeye ndo anajua lini ilianza.

BintiUwandani:
Sawa dada, nitamlipia na yeye nauli.